Homa ya Wiki ya Tatu: Seli T Zinavyopambana na VVU Siku za Mwanzo

Hotuba hii ilitolewa Tanga mjini mbele ya wahudumu wa afya ngazi ya jamii, waganga na wauguzi wa vituo, wataalamu wa maabara na wananchi wengine. Imewekwa hapa nzima kwa ajili ya waliokosa kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliotoka Pongwe na Maramba asubuhi na mapema, ahsanteni kwa kuja.

Naomba tuanze na mgonjwa ambaye kila mhudumu aliyeko hapa ameshamwona. Kijana wa miaka ishirini na kitu amefika zahanati, homa siku ya tatu. Koo linamuuma, viungo vinauma, usiku analoa jasho. Ukimgusa shingoni na kwapani unakuta mitoki. Kifuani labda ana vipele vidogo. MRDT, kipimo cha haraka cha malaria, imesoma hasi. Anapewa nini? Mara nyingi anapewa mseto, dawa ya malaria, vilevile, au anaambiwa ana taifodi na kuandikiwa antibayotiki. Wiki moja au mbili zinapita, homa inaondoka, kijana anarudi kwenye bodaboda yake, na sifa zote zinakwenda kwa dawa.

Je, homa ile imeondolewa na nani?

Sisemi kila homa ya namna hiyo ni VVU. Nyingi si VVU. Kuna mafua, kuna dengue, kuna mambo mengi. Lakini baadhi yake ni VVU vikiwa katika wiki ya pili, ya tatu au ya nne tangu viingie mwilini, na ikiwa ndivyo, walioituliza si mseto wala antibayotiki. Ni seli za kinga za kijana mwenyewe, zile tunazoziita seli T. Na jambo nililokuja kulisema leo ni hili: seli hizo hazilali. Zinapambana na VVU kwa nguvu ambayo mwili huitumia mara chache sana katika maisha. Shida yake ni mbili. Zinachelewa kwa siku chache, na kwa kupambana vile zinateketea zenyewe. Siku hizo chache ndizo tunazoweza kuziwahi sisi, kwa kipimo na kwa dawa.

Tunazijuaje siku hizo? Hilo halikuwa jambo rahisi, waungwana. Mtu aliyeambukizwa jana hajijui. Akija kupima baada ya miezi, mwanzo umeshapita. Ili uuone mwanzo, lazima uwe unampima mtu kabla hajaambukizwa, na uendelee kumpima mara kwa mara. Kazi hiyo ilifanyika Mbeya, hapa hapa nchini, na Kericho nchini Kenya, na Kampala, na Thailand. Watu 2,276 wasiokuwa na VVU, lakini wenye hatari kubwa ya kuambukizwa, walikubali kutoa damu kidogo mara mbili kwa wiki. Mara mbili kwa wiki! Walipewa ushauri na kinga, na bado baadhi yao waliambukizwa, na kwa mara ya kwanza watafiti wakaweza kuhesabu siku moja moja. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016, na yalitokana na watu 50 waliofuatiliwa kwa ukaribu kabisa.

Walikuta nini? Tangu siku virusi vilipoonekana kwenye damu kwa mara ya kwanza, vilipanda hadi kilele katika siku kama 13. Kilele hicho kilikuwa nakala kama milioni 5 katika kila mililita ya damu. Siku ya 14 hivi kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza dhidi ya virusi, zikaanza kusomeka kwa vipimo vya maabara. Kisha virusi vikaanza kushuka, vikashuka mpaka siku ya 31, vikatulia kwenye nakala kama elfu 20. Na hapo vikakaa. Kiwango hicho cha kutulia hubaki karibu vilevile kwa muda mrefu, na ndicho kinachotabiri mtu huyo angeumwa upesi kiasi gani kama asingepata dawa. Aliyekuwa na kilele kirefu, kiwango chake cha kutulia nacho kilikuwa juu.

Na homa? Dalili zilijitokeza zaidi siku za kuelekea kilele na kwenye kilele chenyewe, nazo zilikuwa chache. Wengi walikuwa na dalili moja au mbili tu, katika ziara chache. Ukisubiri mgonjwa mwenye homa, mitoki, vipele na vidonda vya koo vyote kwa pamoja, utawakosa walio wengi.

Ongezeni sasa siku za kimya za mwanzo, ambapo virusi viko mwilini lakini havionekani kwenye damu kwa kipimo chochote. Ni siku 10 hivi. Ndiyo maana nasema wiki ya tatu.

Sasa niwaulize tena: kutoka milioni 5 kushuka hadi elfu 20, nani alivishusha? Dawa ilikuwa bado. Kingamwili? Zile za mwanzo hushika virusi tu bila kuvizuia, na zile zenye uwezo wa kuvizima huja baada ya miezi. Sehemu ya kushuka ilitokana na virusi kukosa seli mpya za kuingia, maana vilikuwa vimeshazimaliza nyingi. Lakini kazi kubwa ilifanywa na seli T za aina ya CD8, seli wauaji.

Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu neno CD4 mnalisikia kila siku kwenye kliniki ya VVU, CTC, na CD8 hakuna anayewatajia. Seli T zote hukomaa kwenye tezi ya thaimasi, kifuani juu ya moyo. CD4 ni wasaidizi: hutoa kemikali zinazoamsha na kuelekeza seli nyingine. CD8 ni wauaji: hutafuta seli ya mwili iliyoingiliwa na kuiua. Inaijuaje? Kila seli ya mwili huvunjavunja sehemu ya protini zake, ikachukua vipande vidogo vya asidi amino 8 hadi 11, na kuviweka nje ya ukuta wake juu ya protini iitwayo HLA. Ni kama mama lishe anayetoa sinia nje ya banda lake: mpita njia anajua jikoni kumepikwa nini bila kuingia ndani. CD8 hupita kila mahali zikikagua. Zikikuta kipande kisicho cha mwili, kwa mfano kipande cha protini ya VVU iitwayo Gag, hujibandika kwenye seli ile, huitoboa kwa protini iitwayo perforini, na kuingiza vimeng'enya viitwavyo granzaimu. Seli ile hufa ndani ya saa chache, kabla haijamwaga virusi vipya. Waliogundua kwamba seli T husoma kipande pamoja na kile kinachokibeba ni Peter Doherty na Rolf Zinkernagel, wakiwa Australia miaka ya 1970, na wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1996.

Kwa nini basi zichelewe? Kwa sababu kila seli T huzaliwa na kipokezi kimoja kinachotambua kipande cha namna moja. Zile zinazofanana na kipande fulani cha VVU, kabla ya maambukizi, ni chache mno, pengine moja katika laki kadhaa. Lazima kwanza seli zenye matawi zilizoko chini ya ngozi laini zichukue kipande, zisafiri nacho hadi kwenye tezi za limfu, zikutane na ile seli moja, ziiamshe. Kisha igawanyike: mbili, nne, nane, kumi na sita, mpaka yawe maelfu kwa maelfu. Hilo huchukua wiki moja na zaidi. VVU havisubiri. Mara nyingi kwenye ngono ya mume na mke maambukizi huanza na kirusi kimoja tu, katika watu kama 8 kati ya 10. Kirusi kimoja! Lakini seli kikiingia, baada ya kama siku moja imeshaanza kutoa vipya, na kila kizazi kinazidi kilichotangulia.

Mtu anaweza kuuliza, tuna hakika gani kwamba CD8 ndizo zilizovishusha? Pengine ilikuwa bahati ya kukutana tu kwa tarehe. Ni swali zuri, na lilijibiwa mwaka 1999 kwa kima wa Asia walioambukizwa SIV, virusi ndugu wa VVU. Kundi moja la kima walipewa dawa inayoondoa seli CD8 mwilini, kundi jingine hawakupewa. Kwa wasiopewa, virusi vilipanda vikashuka kama kawaida. Kwa waliopewa, virusi vilipanda, na vikabaki juu kwa muda wote ambao CD8 hazikuwapo. Zilipoanza kurudi, virusi vikaanza kushuka. Na wale ambao CD8 zao zilikosekana kwa zaidi ya siku 28 virusi vyao havikushuka, na walikufa mapema. Baada ya hapo hapakuwa na mabishano mengi.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mwili una silaha. Kwa nini basi haushindi?

La kwanza ni kwamba VVU huwashambulia wasaidizi wenyewe. Wanaposema CD4 zimeshuka, watu wengi hufikiri ni jambo la miaka. Mwaka 2005 watafiti waliwachunguza kima walioambukizwa SIV siku ya 10, kwenye kilele. Walikuta kwamba kati ya asilimia 30 na 60 ya seli CD4 zenye kumbukumbu, mwili mzima, zilikuwa na virusi ndani yake, na nyingi ya hizo zilikuwa zimetoweka siku 4 baadaye. Siku nne! Na wapi zaidi? Kwenye utumbo. Utumbo ndiko ziliko seli CD4 nyingi mno, na nyingi zina kipokezi cha CCR5 ambacho VVU hukitumia kama mlango. Kwa binadamu pia imeonekana hivyohivyo: utumbo hupoteza seli zake katika wiki za mwanzo, na hata kwa dawa hazirudi zote. Ukuta wa utumbo ukidhoofika, vipande vya bakteria hupenya kuingia kwenye damu na kuiweka kinga katika hali ya kuchemka miaka yote.

Naomba wenzangu wa maabara mlisikie hili. Damu ina kama asilimia 2 tu ya limfosaiti zote za mwili, yaani kundi la seli za kinga ambamo seli T zimo. Mtu wa mwezi wa kwanza anaweza kupimwa CD4 akakutwa na 500 au 600, na utumbo wake umeshateketea. Kwa hiyo tusimwambie, "CD4 zako nzuri, nenda ukafikirie." Hakuna cha kufikiria kwa wiki tatu.

Tena kuna jambo linaloumiza zaidi. Kati ya CD4 zote, zile zinazotambua VVU ndizo huambukizwa kuliko nyingine, kwa sababu ndizo zinazokimbilia mahali virusi vilipo zikiwa zimeamka, na seli iliyoamka ndiyo VVU huipenda. CD8 zinabaki bila wasaidizi waliokusudiwa kuzisaidia.

La pili ni kwamba VVU hubadilika. Kanuni yote ya VVU ina herufi zisizozidi 10,000, na kimeng'enya kinachozinakili hukosea, kwa wastani mara moja katika kila nakala chache. Mtu asiyetumia dawa hutengeneza virusi kama bilioni 10 kwa siku. Zidisheni wenyewe: kila kosa la herufi moja linalowezekana hutokea kila siku, mara nyingi. Sasa CD8 zikibanana na kipande kimoja, kirusi ambacho kimebadilika herufi katika kipande hicho ndicho kinachosalimika na kuzaa. Ndani ya wiki chache tangu CD8 za kwanza zifike, kile kipande walichokuwa wakikitambua kimeshabadilika. Mwili huandaa CD8 za kipande cha pili, nacho hubadilika. Pamoja na hayo VVU vina protini iitwayo Nef, inayoondoa HLA za aina ya A na B kwenye ukuta wa seli ili CD8 zipite bila kuona kitu, huku ikiiacha ile ya C, kwa sababu seli isiyo na HLA hata moja huuawa na seli nyingine za kinga ziitwazo NK. Kitu kisicho na akili kimefika mahali hapo kwa makosa ya kunakili tu na kuchujwa.

Lakini mabadiliko yana gharama, na hapa pana kisa nataka mkijue. Kuna watu wachache, chini ya 1 kati ya 100, ambao hukaa na VVU miaka mingi bila dawa na virusi havionekani kwa kipimo cha kawaida. Wengi wao wana HLA za aina fulani, hasa B57 na B27. HLA hizo hubeba vipande vya Gag vilivyo katika sehemu nyeti za kirusi. Kirusi kikitaka kukwepa lazima kijidhuru. Mwaka 2004 watafiti walionyesha kwamba kirusi kilichobadilika ndani ya mtu mwenye B57, kikihamia kwa mtu asiye nayo, hurudi polepole kwenye umbo lake la zamani. Kwa nini kirudi? Kwa sababu lile badiliko lilikuwa likikilemaza, na sasa hakuna CD8 inayokilazimisha.

Nawaomba kitu kimoja juu ya kisa hiki. Mitaani wapo wanaosema, "Mimi damu yangu haishiki." Mwenzi ameambukizwa, yeye amepima hasi, basi anaamini ana damu kali. B57 haimzuii mtu kuambukizwa. Aliyenayo huambukizwa kama wengine na huambukiza wengine. Mwenye mwenzi anayeishi na VVU akikutwa hasi, sababu ya kawaida ni kwamba mwenzi anakunywa dawa na virusi vimefubaa, au bado hajafikiwa tu.

La tatu ndilo ninaloliona zito kuliko yote: seli huchoka na kufa. Kule Umlazi, karibu na Durban, wasichana wa miaka 18 hadi 23 wasiokuwa na VVU walijiunga na mpango uliowapa masomo ya stadi za maisha na kazi, na wakati huohuo wakapimwa mara mbili kwa wiki. Walioambukizwa waligunduliwa siku chache tu baada ya virusi kuonekana. Matokeo ya mwaka 2015 yalionyesha mlipuko wa CD8 ambao ni wachache waliutegemea: sehemu kubwa sana ya CD8 zao ziliamka kwa pamoja, na nyingi zililenga VVU. Waliokuwa na mwamko mkubwa na wa haraka zaidi, virusi vyao vilitulia chini zaidi. Hadi hapo ni habari njema. Lakini watafiti walipozichunguza seli zenyewe, walikuta hazina kiasi cha kutosha cha protini iitwayo Bcl-2, inayoizuia seli isijiue, wala kipokezi kinachoiwezesha kuishi muda mrefu kama kumbukumbu. Zilikuwa zimewaka zote kwa mara moja na kufa kwa wingi. Zilizosalia, zikikutana na virusi kila siku mwezi baada ya mwezi, huota ukutani protini iitwayo PD-1, na huko nako, KwaZulu-Natal, ilionyeshwa mwaka 2006 kwamba kadiri PD-1 inavyozidi ndivyo seli inavyofanya kazi kidogo na virusi vinavyozidi.

Ikawaje kwa wasichana waliopewa dawa mara tu virusi vilipoonekana? Matokeo ya mwaka 2019: CD8 zao zilikuwa chache kwa idadi, kwa sababu virusi vilizuiwa kabla ya kufika kilele. Lakini zilikuwa hai, zenye kumbukumbu, zinafanya kazi zinapokutana na kipande cha VVU, na CD4 zao zilibaki nzuri. Jamani, hilo ndilo tunalolitafuta tunaposema "anza dawa leo". Tunaokoa CD4, na tunaokoa pia zile CD8 zilizojifunza kuijua VVU, ambazo mwili hautazipata tena zikiwa na ubora ule.

Je, dawa ya mapema ni uponyaji? La. Nalisema wazi ili mtu asiwauzie ndoto. VVU vikiingia kwenye seli CD4 hujishona kwenye vinasaba vyake, na baadhi ya seli hizo hulala zikiwa navyo. Seli iliyolala haitoi kipande chochote nje, na CD8 hupita bila kuona kitu. Hifadhi hiyo hutengenezwa mapema mno: mwaka 2014 ilionyeshwa kwamba kima walioanzishiwa dawa siku ya 3, kabla virusi havijaonekana kwenye damu, dawa ziliposimamishwa virusi vilirudi. Mtoto mmoja wa Mississippi nchini Marekani, aliyezaliwa mwaka 2010, alianzishiwa dawa akiwa na saa kama 30. Baada ya mwaka mmoja na nusu dawa zikakatika, akakaa miezi 27 bila virusi kuonekana. Dunia ikashangilia. Mwaka 2014 vikarudi. Na Thailand watu 8 waliotibiwa katika siku za mwanzo kabisa walipoacha dawa kwa uangalizi, wote 8 virusi vilirudi, kwa wastani ndani ya wiki nne. Dawa ya mapema huifanya hifadhi iwe ndogo na kinga iwe nzima, na dawa inabaki ya kila siku.

Niseme kidogo kuhusu chanjo, kwa kuwa Tanga mnajua majaribio ya chanjo. Korogwe ni moja ya sehemu mbili za Tanzania zilizoshiriki jaribio kubwa la chanjo ya malaria RTS,S, nyingine ikiwa Bagamoyo. Kwa VVU, mwaka 2007 chanjo iliyoundwa ili kuamsha CD8 ilisimamishwa kwa sababu haikukinga. Mwaka 2023 jaribio la PrEPVacc, lililohusisha Mbeya na Dar es Salaam, nalo lilisimamisha uchanjaji kwa kuwa chanjo zake hazikuonyesha dalili ya kukinga. Ugumu ni huu: seli T haioni kirusi kinachoelea. Inaona seli iliyokwisha kuingiliwa. Kwa hiyo chanjo ya seli T peke yake lazima iwe na CD8 zinazosubiri mlangoni kabisa siku ile virusi vinapopita. Kwa kima, chanjo iliyobebwa na kirusi kingine kiitwacho CMV iliweza jambo hilo kwa karibu nusu yao: waliambukizwa, kisha maambukizi yakasafishwa. Binadamu bado.

Sasa tuingie kwenye kazi yetu ya kesho asubuhi.

Aliyepatwa na hatari jana au juzi, awe muuguzi aliyejichoma sindano, awe binti aliyebakwa, awe mtu ambaye kondomu imepasuka. Anahitaji PEP, dawa za kuzuia VVU visishike baada ya hatari, ndani ya saa 72, na aimalize siku 28. Kwa nini 72, kwa nini 28? Mwaka 1998 kima walipewa tenofovir, moja ya dawa za VVU, baada ya kuwekewa SIV. Walioanza ndani ya saa 24 na kuendelea siku 28 hawakuambukizwa hata mmoja. Waliocheleweshwa hadi saa 48 au 72, au waliopewa siku 3 au 10 tu, baadhi yao waliambukizwa. Kwa hiyo 72 ni ukomo, wala haiwi muda wa kujipanga. Anayefika saa ya 4 aanze saa ya 4. Msimrudishe kwa sababu hana fomu ya polisi. Dawa kwanza, karatasi baadaye. Na anayeacha siku ya 12 kwa kichefuchefu mmempoteza, basi mpigieni simu wiki ya kwanza, mwambieni ale kabla ya kumeza, au ameze usiku.

Mwenye homa na MRDT hasi: muulizeni, kwa faragha na kwa heshima, kama ndani ya wiki sita zilizopita amepata mwenzi mpya au amefanya ngono bila kinga. Akisema ndiyo, mpimeni VVU siku hiyohiyo, lakini jueni kipimo chenu kinapima nini. Kipimo cha haraka cha kingamwili huweza kusoma kati ya siku 23 na 90 tangu maambukizi. Kinachopima antijeni, yaani protini ya virusi vyenyewe, pamoja na kingamwili kwa damu ya mshipa, siku 18 hadi 45. Kinachosaka vinasaba vya virusi, siku 10 hadi 33. Kijana wetu wa wiki ya tatu anaweza kuwa na nakala milioni 5 kwa mililita, na kipande cha kitenge chenu, samahani, kitepe chenu kikaonyesha mstari mmoja. Hasi hiyo isiandikwe kama mwisho wa habari. Andikeni tarehe ya kurudi: baada ya wiki 4 hadi 6, na tena wiki ya 12. Mpeni kondomu, na mwambieni waziwazi kwamba kama ni VVU, wiki hizi ndizo anazoambukiza kwa urahisi kuliko wakati mwingine wowote.

Hapo pana kosa linalotokea sana. Mtu wa namna hiyo anakuja anataka PrEP, dawa ya kujikinga kabla ya hatari, kipimo kinasoma hasi, anapewa. PrEP ya vidonge ina dawa mbili. Kama tayari ana virusi, dawa mbili hazitoshi kuvizima, na vile virusi vinavyokosea kunakili kila siku vitapata usugu. Mwenye dalili za maambukizi ya karibuni asianzishiwe PrEP mpaka arudiwe kupimwa.

Akikutwa na VVU, aanze TLD, kidonge cha kila siku cha kutibu VVU, siku hiyohiyo kama yuko tayari na hana dalili za homa ya uti wa mgongo au kifua kikuu. Tangu mwaka 2016 nchi yetu haisubiri CD4 zishuke. Akisema arudi baada ya Ramadhani au baada ya mavuno, mwelezeni habari ya siku 4 za utumbo. Watu wetu wanaelewa wakielezwa.

Na mwisho, mama anayenyonyesha. Kadi yake inaonyesha alipimwa kliniki mimba ikiwa changa, hasi. Amejifungua, mume amerudi kutoka safari ya baharini au ya malori. Akiambukizwa sasa, maziwa yake yatabeba virusi vya kilele, na kingamwili zake hazijatokea. Anapokuja na mtoto wa miezi 9 kwa chanjo ya surua, usiangalie kadi ya mtoto peke yake. Angalia tarehe ya kipimo cha mama. Ikiwa imepita miezi mitatu, mpime akiwa hapohapo benchini zamu yake, na mumewe aitwe. Akikutwa na VVU, mtoto achukuliwe tone la damu kavu la kupima VVU siku hiyo na aanzishiwe dawa ya kinga bila kusubiri majibu.

Nawashukuru sana. Karibuni kwa maswali, wenye kutoka mbali waanze ili wawahi gari.